Mafiga, Akidi na Seva Mama: Uhakiki wa Lugha ya Mwongozo Mmoja wa Makontena

Mwanzoni mwa mwaka huu Baraza lilipokea mswada wa kurasa zaidi ya mia mbili kutoka kwa shirika moja la umma, ukiombewa ithibati ya lugha. Mswada huo ni tafsiri ya mwongozo wa mafunzo. Unamfundisha fundi wa kompyuta namna ya kusimika OpenShift, jukwaa la kuendeshea makontena litengenezwalo na kampuni ya Red Hat ya Marekani, na kulisimika si katika mitambo ya kukodi iliyoko ng'ambo, bali juu ya seva za shirika lenyewe, zilizomo ndani ya jengo lake. Kazi ya kuupitia ilinifikia mimi.

Nakiri kwamba niliupokea kwa furaha, na furaha hiyo nusura iniponze. Tangu mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu za ofisi zenye sura ya Kiswahili, juhudi zetu za istilahi za kompyuta zimemlenga zaidi mtu anayeketi mbele ya skrini akaandika barua. Fundi anayeisimamisha mitambo ile nyuma ya ukuta tumemwachia Kiingereza, kana kwamba yeye si msemaji wa lugha hii. Hapa palikuwa na watu waliothubutu. Lugha yao ilikuwa safi, sarufi haikuwa na doa, na istilahi zao nyingi zilikuwa za asili ya Kibantu, jambo ambalo sisi wakuza istilahi hulipenda mno. Kwa muda wa siku tatu nilisoma mezani, nikasahihisha nukta na mikato, nikawa tayari kuandika kwamba mswada unafaa.

Kilichonizuia ni swali la mkuu wangu wa kazi: "Umemwona mtu akiutumia?" Sikuwa nimemwona. Basi niliomba ruhusa, nikaenda kuketi siku nne katika chumba cha seva, pembeni mwa fundi mmoja kijana, dada aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza kazini, anayeijua kompyuta vizuri lakini hajawahi kusimika jukwaa la aina hii. Tulikubaliana afuate mswada tu, asitazame asili ya Kiingereza, nami nisimsaidie. Yanayofuata ni uhakiki wa mswada kama ulivyojidhihirisha mikononi mwake.

Kwa faida ya wasomaji wasio mafundi, kontena ni programu iliyofungashwa pamoja na kila inachohitaji ili ifanye kazi, hata ikiendeshwa katika mashine nyingine isibadilike tabia. Jina limetoka bandarini. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, huko Marekani, ikiwa na masanduku 58 ya Malcom McLean, ambayo yaliweza kushushwa melini na kuwekwa juu ya lori bila ya kufunguliwa. Watu wa programu waliliazima wazo hilo, na tangu Docker ilipotolewa mwaka 2013 limeenea pote. Makontena yakifika mamia, hapana budi awepo wa kuyapanga: lipi liende seva ipi, lipi liwashwe upya likifa. Kazi hiyo hufanywa na Kubernetes, programu iliyotangazwa na Google mwaka 2014, ambayo jina lake ni neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani. OpenShift imejengwa juu yake tangu toleo la 3 la mwaka 2015.

Mswada hautumii neno kontena hata mara moja. Unasema chombo. Hapa sina haki ya kumlaumu mfasiri peke yake, kwa sababu neno hilo alilitoa katika orodha ya muda niliyoiandika mimi miaka minne iliyopita, nikijivunia kwamba nimeepuka kukopa. Niliposikia likisomwa kwa sauti ndani ya chumba kile ndipo nilipoona aibu. Chombo katika Kiswahili ni sahani inayooshwa, ni gari, ni redio, ni idara ya dola. Na kwa mtu wa pwani, kabla ya hayo yote, ni jahazi. Mswada unaiita Kubernetes nahodha, tafsiri ambayo sina ugomvi nayo, kisha unaandika kwamba "nahodha huhamisha vyombo kutoka seva moja kwenda nyingine". Dada yule, ambaye kwao ni Tanga, aliniuliza nahodha wa vyombo vingi kwa wakati mmoja ni nahodha wa namna gani. Nahodha huongoza chombo. Kilichopakiwa ndani yake ni shehena. Kumbe kontena ni neno ambalo kila mtoto wa Dar es Salaam analijua: huliona likipita barabarani kutoka bandarini, na hununua soda katika kontena lililogeuzwa duka. Lina ngeli yake, lina wingi wake, na limelibeba wazo lote la McLean bila ya maelezo. Tulilikwepa neno lililokuwa mlangoni tukaenda kutafuta lililokuwa kamusini.

Sentensi hiyo ina kosa jingine, nalo ni kubwa kuliko la istilahi. Nahodha huyu hahamishi kitu. Seva ikifa, makontena yaliyokuwa ndani yake yamekufa. Kinachofanyika ni kuanzisha mengine ya namna ile ile penye seva nzima. Data iliyoandikwa ndani ya kontena lililokufa haifuati, isipokuwa iwe imewekwa katika hifadhi ya nje. Fundi aliyefundishwa "kuhamisha" ataamini kwamba mzigo umefika ng'ambo ya pili pamoja na vyote vilivyomo.

Seva za shirika lenyewe mswada unaziita seva tupu. Asili inazungumza juu ya chuma kisicho na kitu juu yake: hakuna mfumo wa uendeshaji uliotangulia kuwekwa, wala hakuna tabaka la programu linaloigawa mashine moja kuwa mashine pepe kadhaa. Lakini tupu kwa Kiswahili ni isiyo na kitu ndani. Fundi alifungua kifuniko cha seva ya kwanza kutazama kama diski zimo. Mimi ningependekeza seva kavu, kwa mfano wa wali mkavu na ugali mkavu: chakula kipo, kisichokuwapo ni kitoweo. Najua wapo watakaocheka. Hata hivyo, kukosa kitoweo ndiyo maana inayotakiwa, kwa kuwa fundi wa seva kavu hukosa mambo mengi ambayo mwenye mitambo ya kukodi huletewa tayari: daftari la majina ya mtandao, kigawa-maombi, hifadhi ya data. Hayo yote hana budi kuyapika mwenyewe kabla ya kuanza. Sura ya mswada inayohusu maandalizi hayo ni nzuri sana, na neno kigawa-maombi ni lao. Napendekeza lipokelewe kama lilivyo. Vile vile wamefanya vyema kuziita 6443 na 22623 milango ya mtandao. Palipo na nahodha na makontena ilikuwa rahisi kuteleza wakaandika bandari.

Sasa niifikie Alhamisi. Kazi huanza kwa kuandika faili moja la maelezo: jina la klasta, anwani, ufunguo, na siri ya kupakulia programu. Kisakinishi hulisoma faili hilo, kikatengeneza kutokana nalo mafaili ya kuwashia, ambayo kila seva huyasoma inapoamka kwa mara ya kwanza. Juu ya hatua hii mswada una sentensi mbili. Ya kwanza: "Faili la maelezo litatumika katika hatua hii." Ya pili: "Mafaili ya kuwashia yatumike kabla ya siku moja kupita." Hakuna mwalimu ambaye angezitia wino mwekundu. Nami sikuzitia.

Fundi alitengeneza mafaili yake Alhamisi saa nane mchana. Saa za kazi zilizobaki alizitumia kurekebisha daftari la majina, kisha akafunga ofisi. Ijumaa saa tisa alasiri aliziwasha seva. Hazikuendelea. Vyeti vilivyomo ndani ya mafaili yale hudumu saa 24, na zilikuwa zimekwisha pita saa 25. Siku moja kwa Mswahili si lazima iwe saa 24. Siku yaweza kwisha jua lituapo, yaweza kwisha usiku wa manane, na kitu cha Alhamisi kikitumika Ijumaa kimetumika kesho yake. Hakuna anayehesabu saa. Asili ilitaja saa, tena inashauri mafaili yatumike ndani ya saa 12. Mfasiri alitaka ulaini wa lugha, akaigeuza hesabu kuwa desturi.

Niongeze hapa kwamba kumbukumbu za seva hizi huandikwa kwa saa ya ulimwengu, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, nasi tunapoitamka saa yetu kwa Kiswahili tunaondoa sita. Tukio lililoandikwa 06:14 lilitokea saa tatu na dakika 14 asubuhi. Mswada hausemi neno juu ya hilo, na siku ya Jumatatu tulipoteza nusu saa tukitafuta kosa la alfajiri, wakati ambao chumba kilikuwa kimefungwa na funguo ziko kwa mlinzi.

Turudi Ijumaa. Mafaili yamekufa, fundi akarudi kwenye faili la maelezo ili atengeneze mengine. Halikuwapo. Kisakinishi kinapolisoma faili hilo hulifuta; asili inaonya waziwazi kwamba litaliwa, na kwamba nakala iwekwe kando. "Litatumika" halisemi hivyo. Kalamu iliyotumika ipo, kiti kilichotumika kipo. Kiswahili kina kula, kina kumaliza, kina kuteketeza, na hapa hata hayo hayakuhitajika: "Kisakinishi kitalifuta faili hili, weka nakala kwanza" ingetosha, na hakuna istilahi hata moja ndani yake. Ijumaa ile iliisha kwa dada yule kuandika upya maelezo yote, huku akiniambia kwa adabu kwamba pengine Kiingereza ni salama zaidi. Maneno hayo nilikwenda nayo nyumbani, nikakaa nayo Jumamosi na Jumapili.

Jumatatu mafaili yalikuwa mapya na seva ziliamka. Kusimika kwa njia hii hupitia mashine moja ya muda. Hiyo huwashwa kwanza, huzilea seva tatu za uongozi mpaka zisimame zenyewe, kisha huondolewa katika kigawa-maombi na kufutwa. Hata yaweza kugeuzwa kuwa seva ya kazi. Mswada unaiita seva mama. Fundi alipofika penye maneno "ondoa seva mama" aliiruka hatua hiyo. Nilipomwuliza baadaye, alisema alidhani ni kosa la chapa, kwa kuwa mama haondolewi. Kigawa-maombi chake hakikuwa kimewekewa ukaguzi wa uzima, hivyo kiliendelea kupeleka ombi moja katika kila manne kwa mashine iliyokwisha nyamaza, na kutwa nzima jukwaa likawa linajibu, linakataa, linajibu. Mashine hiyo ilistahili jina lenye kuonyesha kwamba ni ya kupita: seva ya kuwashia, kama ilivyo karatasi ya kuwashia mkaa, ambayo hakuna mtu anayeitunza moto ukishakolea. Jina hilo lingeafikiana pia na mafaili ya kuwashia, ambayo mfasiri huyo huyo ameyataja vizuri.

Seva za uongozi nazo zina majina matatu ndani ya mswada mmoja. Katika sura ya pili ni seva kuu. Katika ya tano ni seva bwana, na zile za kazi zimekuwa watwana. Kuanzia ya saba ni mafiga. Juu ya bwana na mtwana sitasema mengi. Asili haina mtwana, ina mfanyakazi. Hata lile neno la ubwana, wenye Kubernetes walianza kuliondoa mwaka 2020. Kuingiza utwana katika Kiswahili, lugha ambayo wasemaji wake wanajua neno hilo lilikuwa na maana gani Bagamoyo na Unguja, ni kutia chumvi ambayo haikuagizwa.

Mafiga yanastahili maneno zaidi, kwa kuwa ni kosa zuri. Seva za uongozi ni tatu, mafiga ni matatu, na hakuna asiyejua kwamba chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Nilipolisoma mezani nililipigia mstari wa pongezi. Lakini figa moja likitoka chungu humwagika, na mswada wenyewe unasema hivyo kwa maneno hayo hayo. Seva hizi hazifanyi hivyo. Zinatunza pamoja daftari la hali ya klasta nzima, liitwalo etcd, na kila kinachoandikwa humo sharti kikubaliwe na zaidi ya nusu yao. Katika tatu, mbili zatosha. Jumanne mchana tulizima moja, na jukwaa likaendelea na kazi zake. Tulipozima ya pili, makontena yaliyokuwa yakifanya kazi katika seva za kazi hayakusimama, ila hakuna amri mpya iliyokubaliwa. Fundi aliyeamini mafiga angewaamsha wakubwa wake usiku kwa sababu ya kufa kwa seva moja. Mbaya zaidi, angeongeza figa la nne ili chungu kitulie. Seva nne zinahitaji tatu zikubaliane, kwa hiyo zinavumilia kifo cha moja tu, sawasawa na zilipokuwa tatu. Anayetaka kuvumilia vifo viwili hana budi kuwa na tano.

Neno linalotakiwa tunalo, tena limezoeleka: akidi. Tunalisikia bungeni, katika vyama vya ushirika, katika mikutano ya vijiji. Watu wanajua kwamba kikao kisicho na akidi hakiamui neno, ingawa waliohudhuria bado wapo na wanaongea. Tofauti ni kwamba akidi ya kikao hutegemea kanuni zake, na hapa lazima izidi nusu, ili seva zikitengana kwa kukatika mtandao pasitokee pande mbili zenye kuamua kila upande kivyake. Hapo nilivunja ahadi yangu, nikamwambia dada yule neno hilo moja. Aliufunga mswada, akanieleza mwenyewe kwa nini nne si bora kuliko tatu.

Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya majaribio, palikuwa na kisa kingine ambacho si cha istilahi kabisa. Seva ya kazi inapojiunga na klasta huomba vyeti viwili, kwanza cha kujitambulisha, kisha cha kutolea huduma. Mswada unasema: "Maombi ya vyeti huidhinishwa kabla seva haijaonekana katika orodha." Huidhinishwa na nani? Katika mitambo ya kukodi, kisakinishi kikiachiwa kazi yote, mtambo hujiidhinishia wenyewe. Katika seva kavu kama zile, mwenye kuidhinisha ni fundi, kwa mkono wake, na ombi la pili halitokei mpaka la kwanza limekubaliwa. Tulikaa saa mbili tukingoja kitu kilichokuwa kinatungoja sisi. Sisi watumishi wa umma tunaipenda kauli ya kutendwa kwa kuwa humficha mtenda: imeagizwa, imeamuliwa, hairuhusiwi. Katika waraka wa ofisi hilo laweza kuvumilika. Katika mwongozo wa kazi ya mkono, sentensi isiyo na mtenda humfanya msomaji akunje mikono.

Amri yenyewe ya kuidhinisha ilikuwamo kurasa arobaini mbele, katika kiambatisho, nayo imetafsiriwa. Fundi aliipiga kama ilivyoandikwa, "oc simamia cheti idhinisha", na mashine ikajibu kwamba haiijui. Amri ya kompyuta ni kama jina la mtu. Hufafanuliwa pembeni, haitafsiriwi. Hili ni kosa ambalo kila mfasiri huambiwa siku ya kwanza, na sikuliona katika siku tatu za kusoma mezani, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa sahihi.

Mswada nimeurudisha bila ya ithibati, pamoja na barua ya kurasa 11, nikiomba utakaposahihishwa turudi nao katika chumba kile kile. Chombo, kwa maana ya kontena, nimelifuta katika orodha yangu. Dada yule amekubali kuusoma tena, kwa sharti kwamba safari hiyo mimi ndimi nitakayeshika kibodi na yeye awe mtazamaji.

Limebaki neno moja ambalo sijapata la kusema juu yake. Kubernetes haliendeshi kontena peke yake. Hulitia kwanza katika fungu dogo, aghalabu la kontena moja, wakati mwingine mawili au matatu, yenye kutumia anwani moja na kuishi na kufa pamoja. Kwa Kiingereza fungu hilo limepewa jina la ganda la kunde, na mswada umeandika ganda. Ganda kwetu ni kile kinachotupwa chakula kikishatoka. Mwenzangu mmoja, mtu wa Bukoba, anapendekeza chane, kwa kuwa ndizi za chane moja zina kikonyo kimoja, na machane yote hukaa katika mkungu mmoja kama mafungu haya yanavyokaa katika klasta. Ni pendekezo la kuvutia, nami baada ya mafiga naogopa mapendekezo ya kuvutia. Wafasiri na mafundi watakaokuwa na maoni wanaombwa wayapeleke Barazani kabla ya kikao kijacho cha kamati ya istilahi. Kwa sasa, katika barua yangu, nimeandika podi, kwa penseli.